Walidai shule nzuri, wakapewa basi

Saa kumi na moja alfajiri mi nakuwa nishafika yadi ya mabasi, tochi mkononi, nazunguka gari lote, taa, matairi, mlango wa dharura, ule mkono wa STOP wa ubavuni kama unafunguka vizuri, alafu nawasha injini ipate joto. Naendesha basi la shule huku Arkansas, Marekani, upande wa mashariki wa jimbo karibu na mto Mississippi, kwenye yale mashamba ya soya na pamba na mpunga ambayo hayaishi. Mtoto wa kwanza namchukua saa kumi na mbili kasorobo. Yuko darasa la pili. Anasimama na bibi yake chini ya taa ya kibaraza, giza bado totoro, akipanda tu anaegemea dirisha analala. Shule tunafika saa moja na robo. Kwaiyo ni saa moja na nusu barabarani asubuhi, na jioni hivyo hivyo, maana kwenye ruti yangu wa kwanza kupanda ndo wa mwisho kushuka.

Sasa kilichonifanya niandike hii posti ni kwamba dakika tano tu toka kwa huyo mtoto tunapita jengo la shule. Shule kabisa, matofali mekundu, ina jukwaa la mpira wa kikapu, imefungwa. Siku moja nkamuuliza bibi yake, akaniambia yeye alisoma pale, na watoto wake wote walisoma pale, mpaka wilaya ilipounganishwa. Nkaenda nyumbani na hilo neno, kuunganishwa, nkaanza kusoma. Nimesoma miezi mizima. Na kuna kitu nilikikuta humo ndani ya hukumu ya mahakama ambacho kilinifanya nifunge kompyuta nikae kimya, nitafika huko.

Kwanza tuelewane, wilaya ya shule ya Marekani sio wilaya tunayoijua sisi yenye DC na halmashauri. Ni serikali ndogo ya shule peke yake. Ina bodi yake ambayo wananchi wanaipigia kura, ina mkurugenzi wake, inatoza kodi ya ardhi na majengo ya watu wa pale, inaajiri walimu wake, inanunua mabasi yake. Wizara ya elimu ya Washington haimpangi mwalimu kituo. Kwaiyo kijiji cha watu 500 kinaweza kuwa na wilaya yake ya shule, na kikiwa hakina ardhi ya thamani wala kiwanda basi hela ya kodi inakuwa kidogo na shule inakuwa ya hivyo hivyo. Hapo ndo mzizi wa mambo yote haya.

Na zilikuwa nyingi jamani. Mwaka 1931-32 Marekani nzima ilikuwa na wilaya za shule 127,531. Shule zenye mwalimu mmoja tu, chumba kimoja, jiko la kuni katikati, watoto wa miaka 6 na wa miaka 15 pamoja, zilikuwa zaidi ya 140,000. Mpaka 1970-71 wilaya zilikuwa zimebaki 17,995 na hizo shule za mwalimu mmoja 1,815. Yani ndani ya miaka arobaini karibu zote zimepotea. Leo hii wilaya ziko elfu 13 na kitu.

Waliosukuma hili jambo walikuwa wasomi wa mjini, kama Ellwood Cubberley wa chuo kikuu cha Stanford, ambao waliona bodi za vijijini ni za wakulima wasiojua elimu na kwamba shule ikiwa kubwa inakuwa bora kama kiwanda. Lakini wasomi wangeongea mpaka leo kama barabara za vumbi zisingewekwa changarawe na kama basi lisingekuwepo. Basi ndo lilifunga zile shule. Nasema hivi mi mwenyewe dereva. Hata hii rangi ya njano, ilipangwa Aprili 1939 kwenye mkutano pale Columbia, New York, aliouitisha Frank Cyr, profesa wa elimu ya vijijini aliyekulia Nebraska. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anapeleka watoto na anachotaka, lori, gari la farasi, mabasi ya rangi yoyote. Wakakubaliana vipimo 44, upana, urefu, njia ya katikati, na rangi ambayo herufi nyeusi zinasomeka juu yake alfajiri na magharibi wakati mwanga ni hafifu. Nikiwa nasubiri injini ipate joto huwa naiangalia ile rangi kwenye giza na kweli ndo kitu cha kwanza kuonekana.

Arkansas ilikuwa na wilaya zaidi ya 5,000 miaka ya 1920. Mwaka 1948 wananchi wenyewe wakapiga kura kupitisha sheria kwamba wilaya yenye watoto chini ya 350 ivunjwe, na mwaka uliofuata kutoka wilaya 1,589 zikabaki 424. Ishike hiyo namba, 350, maana inarudi.

Alafu kuna upande wa watu weusi ambao huwezi kuuruka ukiwa huku Delta, ndo wanavyoliita hili bonde la pembeni ya mto Mississippi. Shule zilikuwa mbili mbili, ya wazungu na ya weusi, na ya weusi ndo ilikuwa inapata makombo. Nyingi walizijenga wenyewe kwa michango na nguvu zao wakisaidiwa na mfuko wa Julius Rosenwald, karibu shule 5,000 kusini yote mpaka 1932, mtu anatoa mbao, mwingine anatoa siku zake za kazi, kama sisi tunavyochangia tofali na mchanga. Mahakama Kuu ya Marekani ilivyosema 1954 kwamba ubaguzi wa shule ni kinyume cha katiba, na mambo yakaanza kutekelezwa polepole kwa miaka mingi, sehemu nyingi namna ya kuunganisha ilikuwa kufunga ya weusi na kupeleka watoto kwa wazungu. Inakadiriwa walimu na wakuu wa shule weusi 38,000 walipoteza kazi kwenye majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Kwaiyo mtu wa huku akisikia kuunganisha shule hasikii neno la uchumi. Anasikia ile shule aliyoijenga babu yake.

Sasa Lake View.

Lake View iko Phillips County, kusini ya mji wa Helena, pembeni ya ziwa linaitwa Old Town Lake. Ni kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1930 kwenye mpango wa serikali ya rais Roosevelt wa kuwapa makazi na ardhi wakulima weusi ambao kabla yake walikuwa wanalima ardhi ya bwana mwenye shamba wakigawana mavuno, na kwenye hesabu kila mwaka wanaambiwa bado wanadaiwa. Kaunti hii hii ndo ile ya Elaine, ambako Septemba 1919 wakulima weusi walikutana kanisani kujipanga wapate bei ya haki ya pamba, wakashambuliwa, wakauawa watu wengi, wanahistoria wengine wanasema mia na kitu na wengine wanasema mamia, na wanaume 12 weusi wakahukumiwa kifo mpaka Mahakama Kuu ikaingilia 1923. Nataka msomaji ajue ni ardhi ya namna gani tunaiongelea. Kupata kijiji chako, kiwanja chako, na shule ambayo bodi yake ni majirani zako, kwa watu wa pale ilikuwa kitu kikubwa sana.

Mwaka 1992 hii wilaya ndogo, Lake View School District No. 25, ikaishtaki serikali ya jimbo. Madai yao yalikuwa rahisi: katiba ya Arkansas inasema jimbo lazima liwe na mfumo mzuri wa shule za bure kwa wote, na huu mfumo wa kila mtu na kodi yake unafanya mtoto wa sehemu tajiri apate kila kitu na wa kwetu asipate. Kesi ikazunguka. Jaji akasema 1994 kweli mfumo ni kinyume cha katiba, bunge likarekebisha kidogo, ikarudi mahakamani, jaji mwingine 2001 akasema bado, na Novemba 2002 Mahakama Kuu ya Arkansas ikasema ndio, bado, na ikaipa serikali mpaka Januari 1, 2004.

Kwenye ile hukumu ndo nikakutana na mwalimu wa hisabati. Mahakama inamwelezea. Lake View ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati wa sekondari nzima, hana leseni ya ualimu, analipwa dola 10,000 kwa mwaka kama mwalimu wa kujazia nafasi, na ili aishi anaendesha basi la shule kwa dola 5,000 nyingine. Anafundisha zote, aljebra, jometri, trigonometria. Vikokotoo havitoshi. Bikari hamna. Printa haifanyi kazi.

Mi nilikuwa mwalimu wa hisabati, nyumbani Tanzania. Wenye umri wangu mnakumbuka 2006, 2007, shule za kata zinajengwa kila kona na walimu hamna, serikali ikachukua sisi tuliomaliza form six, mafunzo ya mwezi mmoja, mtu unapewa leseni unapangiwa shule. Walituita voda fasta. Nilipelekwa shule moja ya kata mkoani, tulikuwa walimu wanne na mkuu wa shule, hisabati form one mpaka form four zote zangu, na fizikia nikaongezewa kwa sababu hakuna mwingine. Bikari ya ubaoni nilitengeneza kwa fimbo na kamba na kipande cha chaki. Watoto wangu walifeli wengi sana kwenye mtihani wa taifa na mpaka leo nawakumbuka kwa majina, na ninajua walikuwa wanaweza. Sasa nipo huku naendesha basi. Kwaiyo niliposoma kwamba nchi tajiri kuliko zote duniani ilikuwa na mtu anafundisha hisabati bila leseni bila bikari alafu anaenda kushika usukani, nililia, siwezi kusema vingine.

Ila shule za kata kwa kasoro zake zote zilikuwa zinaenda upande mwingine. Mpango wa kupanua sekondari Tanzania, MMES, ulianza 2004, na wazo lake lilikuwa kusogeza shule kwa mtoto. Mwaka huo huo 2004 Arkansas ikaamua kumsogeza mtoto kwa shule.

Ilikuwaje? Serikali baada ya kushindwa kesi ilibidi itafute hela, na kusema kweli ilitafuta. Kodi ya mauzo ikapanda kutoka asilimia 5.125 mpaka 6. Kila mwanafunzi akawekewa kiwango cha chini, dola 5,400 kwa mwaka wa masomo 2004-05, popote alipo. Mishahara ya walimu ikapanda. Hayo yalikuwa mema na yalitokana na Lake View, watoto wa jimbo zima walinufaika. Lakini gavana wa wakati huo, Mike Huckabee, akasema hatuwezi kumwaga hela kwenye wilaya ndogo ndogo, akataka wilaya iwe na wanafunzi angalau 1,500. Kelele zikapigwa vijijini, watu wakajaa bungeni Little Rock. Mwisho bunge likapitisha Act 60: wilaya yoyote yenye wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo lazima iungane na nyingine. Ile namba ya 1948. Gavana hata hakuisaini, aliona ni ndogo mno, akaiacha iwe sheria bila saini yake.

Wilaya ndogo zikapewa mpaka Aprili 1 zitafute mwenzi kwa hiari, ukishindwa bodi ya elimu ya jimbo inakutafutia. Mkiungana wawili mkawa wilaya mpya, hiyo ni kuunganishwa. Mwenzio akibaki na jina lake na bodi yake wewe ukaingia tu ndani, hiyo kwa kweli ni kumezwa. Julai 2004 wilaya za Arkansas zilishuka kutoka 308 mpaka 254.

Na Lake View ilikuwa chini ya 350.

Ikamezwa na Barton-Lexa, wilaya iliyoko magharibi ya Helena. Bodi ikaisha, mkurugenzi akaisha, na shule yenyewe baadae ikafungwa, watoto wakapanda basi. Waliopeleka kesi, waliokaa mahakamani miaka kumi na mbili, ndo sheria iliyotokana na kesi yao ikawafuta. Jirani zao Elaine walifuata 2006, wakaingia Marvell, na shule za Elaine nazo zikafungwa. Kesi yenyewe Mahakama Kuu iliifunga rasmi Mei 2007, ikasema sasa mfumo unakidhi katiba. Wilaya ya Lake View ilikuwa imeshakufa miaka mitatu. Wanasheria wa huku mpaka leo wakibishana hela za shule wanasema "Lake View inasema hivi, Lake View inataka vile".

Mtu atauliza, sasa ulitaka waachwe na mwalimu asiye na leseni? Hapana. Na hapa nataka nitende haki maana nimefundisha kwenye shule ndogo na sitaki kuipamba. Kanuni za Arkansas wakati ule zilitaka kila sekondari ifundishe masomo 38 kila mwaka. Ukiwa na wanafunzi 90 sekondari nzima, walimu 8 au 9, hesabu haitoki. Mtu mmoja anabeba masomo matano anayoyajua na mawili asiyoyajua. Kemia inafundishwa bila maabara, kifaransa hakuna. Mwalimu mzuri akipata nafasi mjini anaondoka kwa sababu mshahara ni mdogo na nyumba ya kupanga hakuna. Hayo niliyaishi. Shule ndogo ni nzuri kwa kuwa kila mtoto anajulikana, lakini kujulikana hakukupi trigonometria.

Lakini angalia kilichodaiwa na kilicholetwa. Walidai mwalimu wa hisabati mwenye leseni, vikokotoo, printa inayofanya kazi. Vitu vya kuhesabika, unaviandikia oda. Na sheria yenyewe ya Act 60 haikusema fungeni shule, ilisema unganisheni utawala, bodi moja, mkurugenzi mmoja, ofisi moja ya hesabu, majengo yabaki wazi. Hiyo mi ningeisaini. Tatizo ni kwamba bodi mpya ndo inaamua majengo, na kwenye bodi mpya kijiji kidogo kina kura chache au hakina kabisa, kwaiyo miaka miwili mitatu mbele hela ikibana inafungwa shule ya nani? Ya wale wasio na mtu mezani. Huwezi kuniambia hiyo ilikuwa bahati mbaya, kila mtu aliyeangalia ile ramani aliijua.

Na shule ikiondoka kijijini haiondoki peke yake. Inaenda na ajira ya mpishi, msafishaji, karani, dereva. Ijumaa usiku ya mpira wa kikapu inaisha. Lake View kwenye sensa ya 2000 ilikuwa na watu 531, ya 2010 watu 443. Sisemi ni shule peke yake, mashine za pamba zilishaondoa kazi Delta nzima miongo mingi kabla, lakini kijana mwenye watoto wawili akichagua pa kuishi anaanza kuuliza shule iko wapi.

Nebraska nao yaliwakuta, kwa haraka tu: bunge lao 2005 lilifuta wilaya zaidi ya 200 za vijijini zilizokuwa na shule ya msingi tu, nyingine za chumba kimoja. Wananchi wakakusanya saini, Novemba 2006 wakapiga kura wakaikataa ile sheria. Ila zile wilaya zilishavunjwa Juni, na kura haikuzirudisha.

Kuna kitu nakifikiria sana nikiwa kwenye usukani. Basi langu linabeba watoto 41. Linameza dizeli, linataka matairi, linataka mimi. Kila siku watoto 41 wanamfuata mwalimu wa fizikia mmoja, na wengi wao hata hawajafika umri wa kusoma fizikia, wako darasa la kwanza, la pili, wanajifunza kusoma na kuandika, kitu ambacho mwalimu mmoja mzuri anaweza kukifundisha kwenye lile jengo la matofali mekundu dakika tano toka nyumbani. Wakubwa wapande basi, sawa, wana sababu. Wadogo wabaki. Au mwalimu wa hisabati apewe gari, jumatatu na jumatano shule hii, siku nyingine ile, mtu mzima mmoja barabarani badala ya watoto arobaini. Wilaya moja, ofisi moja, majengo mawili madogo ya wadogo na sekondari moja kubwa. Zipo sehemu wanafanya hivyo na haihitaji kesi ya miaka kumi na tano.

Nilimwambia hayo yule bibi juzi jioni, nikiwa namshusha mjukuu wake, saa kumi na moja na nusu, jua linazama. Ana mjukuu mwingine mkubwa, binti, naye nambeba, yuko mwaka wa mwisho na anasoma fizikia na mwalimu mwenye digrii ya fizikia na anataka kwenda chuo cha uhandisi. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye mlango wa basi. Akasema huyu mkubwa abaki na fizikia yake, asinyang'anywe. Huyu mdogo anamtakia tu alale mpaka kuche.